Bwana Maroa na Wabebaji wa Jumba la Kamongo

Naanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la wafanyakazi liliahidi kuwafikia wasomaji wake kila baada ya miezi mitatu, na tangu mwaka juzi halijawafikia. Chumba chetu cha uhariri kilifungwa ili kipakwe rangi. Wapakaji walianza kwa kubomoa ukuta wa upande wa ziwa, wakaendelea na dari, na walipoondoka walikuwa wameng'oa pia mlango. Rangi yenyewe haijafika. Meza ya mhariri ilihamishiwa chini, kwenye ujia ulio kando ya ngazi, na huko ndiko ninakoandikia. Wafanyakazi wa Wakala wa Vibali vya Majengo, Ziwa Kusini, hawatashangaa. Wao wanajua kuliko watu wengine wote mambo ambayo rangi inaweza kufanya katika kanda yetu.

Sababu ya kuandika tena ni njema. Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Wangwe Maroa, Mkaguzi Mkuu wa Majengo, atastaafu baada ya kutumikia kazi hii kwa miaka thelathini na minne, nusu yake akiwa Migori na nusu hapa Homa Bay. Katika muda huo Wakala umebadilisha jina mara tatu na nembo mara nne. Ngazi zake haujazigusa.

Nimeombwa niandike kwa ufupi na kwa uchangamfu. Kuhusu ufupi, nitajitahidi.

Bwana Maroa alizaliwa pande za Kehancha, akasomea ujenzi katika chuo cha ufundi, kisha akaajiriwa Migori kuwa karani wa michoro. Kazi ya karani wa michoro ilikuwa kuikunjua michoro ya majengo mbele ya wakubwa na kuikunja tena walipokwisha kutia saini. Wakubwa wake waligundua mapema kwamba kijana huyo alikuwa na kasoro moja: aliisoma kabla ya kuikunja. Kwa kuwa kasoro hiyo haikutibika, walimpandisha cheo akawa mkaguzi, ili awe nje ya ofisi muda mwingi iwezekanavyo.

Kwa faida ya jamaa na marafiki ambao hawajawahi kuomba kibali, ni vyema nieleze kazi yenyewe. Duka, hoteli au jumba la ofisi lililojengwa zamani huachwa lilivyo. Likiwa na ngazi tano mlangoni, linabaki na ngazi zake. Lakini siku mwenye jengo anapotaka kulikarabati, kanuni huingia pamoja na mafundi. Sehemu inayokarabatiwa sharti ifikiwe na kila mtu, akiwemo anayetumia kiti cha magurudumu, magongo au fimbo nyeupe. Na njia ya kuifikia kutoka barabarani, pamoja na mlango na choo, sharti irekebishwe pia. Ikiwa jengo haliwezi kubeba marekebisho yote, mwenyewe hufanya yale yanayowezekana, na anayeamua yapi yanawezekana ni Mkaguzi. Kanuni hiyo ina kurasa mbili tu. Watu wengi wamekuja ofisini kuutafuta ukurasa wa tatu, ule unaosema kwamba kanuni haiwahusu wao, na Bwana Maroa amewasaidia kuutafuta kwa uvumilivu mkubwa.

Anayepaka rangi tu hadaiwi lolote na kanuni. Kwa sababu hiyo wenye majengo wa pande zetu wamekuwa wapenzi wakubwa wa rangi. Kule Ndhiwa duka moja liliombewa kibali cha kupakwa rangi likiwa na chumba kimoja. Bwana Maroa alipokwenda kulikagua alilikuta lina ghorofa, roshani na kinyozi. Alimwita fundi, akampongeza kwa kupaka rangi nene kiasi hicho, kisha akaomba aonyeshwe mteremko wa magurudumu.

Huko Ogwedhi, karibu na soko la mifugo, mwenye hoteli mmoja alimwapia kwamba udongo wa pale haukubali mteremko wa aina yoyote. Bwana Maroa alimshika mkono, akamvusha barabara, akamwonyesha mteremko wa saruji ambao ng'ombe huupanda kuingia kwenye malori.

"Huu umekubaliwa na udongo gani?" alimwuliza.

"Lakini mzee," yule bwana alijibu kwa uchungu, "ng'ombe hawezi kupanda ngazi!"

Bwana Maroa alimwacha ayasikilize maneno yake mwenyewe mpaka yakamwingia. Hoteli ilipata mteremko mwezi uliofuata, ila fundi aliunakili ule wa ng'ombe, na mteja wa kwanza kuushuka hakusimama mpaka mnadani, ng'ambo ya barabara. Ilibidi ujengwe upya kwa kipimo cha kanuni, yaani hatua kumi na mbili za kwenda mbele kwa kila hatua moja ya kupanda. Ng'ombe, nimeambiwa, wanauonea wivu.

Wenzake wengi walikagua kwa utepe wa kupimia. Yeye pia alikuwa nao, lakini hakuuamini peke yake. Chombo chake halisi kilikuwa wilbaro. Alijaza debe maji mpaka pomoni, akalipakia, kisha akamkabidhi mwenye jengo aisukume wilbaro yeye mwenyewe, kutoka barabarani hadi kaunta. "Maji yakifika, nitatia saini," alisema. Palipomwagika maji, alichora alama kwa chaki. Kuna wafanyabiashara wa Migori ambao hadi leo wakiona wilbaro hukunja suruali.

Mmoja wao ni Bwana Abdullah, muuzaji wa vifaa vya ujenzi, aliyelisukuma debe hilo siku ya Ijumaa akiwa amevaa kanzu ya kwendea msikitini. Alifika kaunta na nusu debe. Nusu nyingine aliivaa. Aliupanua mlango na kujenga mteremko huku akinung'unika kwamba Wakala unamlazimisha kupitisha barabara ndani ya duka. Tangu siku hiyo duka limejaa mikokoteni ya saruji, akina mama wenye watoto mgongoni na wazee waliokuwa hawajalikanyaga kwa miaka. "Maroa ameniharibia," hulalamika. "Zamani nilikuwa napata hata nafasi ya kusinzia." Kila Idi humtumia Bwana Maroa sahani ya pilau, pamoja na salamu kwamba bado hajamsamehe.

Basi Bwana Maroa alihamishiwa Homa Bay, na hapo ndipo alipokutana na jengo lililomshinda kwa muda mrefu kuliko yote. Jengo lenyewe ni letu.

Wakala umepanga ghorofa ya pili ya Jumba la Kamongo, mali ya Bwana Frankline Onyango. Jumba halina lifti wala mteremko. Mtu anayetaka kulalamika kwamba duka fulani lina ngazi nyingi hana budi kupanda ngazi zetu ili aandikishe malalamiko hayo. Malalamiko yanayoandikishwa ni machache sana, na ripoti zetu za kila mwaka zimelitaja jambo hilo miongoni mwa mafanikio.

Miaka sita iliyopita tuliajiri mchunguzi wa michoro, Bi. Irine Awuor, ambaye hutumia kiti cha magurudumu. Wakala ulijivunia sana uteuzi huo, ukampiga picha, kisha ukakumbuka ngazi. Meza yake iliwekwa chini, kwenye ujia, kati ya mita za stima na fundi wa viatu. Michoro humteremkia kwa kikapu cha samaki kilichofungwa kamba, ambacho hupitishwa katika uwazi wa katikati ya ngazi. Akiisha kuichunguza huvuta kamba, na aliye juu hukipandisha. Wageni hudhani tunauza samaki. Wapo waliokwisha kuuliza bei.

Bwana Maroa alipokaribia kustaafu, nafasi yake ilitangazwa. Bi. Irine aliomba, akahojiwa, akawa wa kwanza kwa mbali. Barua aliyoandikiwa ilimpongeza kwa furaha, halafu ikaongeza kwamba ofisi ya Mkaguzi Mkuu ipo ghorofa ya pili, kwamba anatarajiwa kuripoti huko tarehe mosi Julai, na kwamba asiporipoti nafasi itapewa aliyemfuata. Ninapenda kuamini kwamba aliyeiandika hakuwa mwovu. Alikuwa juu tu.

Katika miezi hiyo hiyo Bwana Onyango aliomba kibali cha kulikarabati jumba. Alitaka vigae vipya, vioo mbele, na ukumbi wa mikutano katika ghorofa ya pili. Hata yeye aliona haya kuiita kazi hiyo rangi, hivyo aliandika "rangi na mengineyo". Bwana Maroa aliyasoma mengineyo. Alidai mteremko kwenye kiingilio, mlango mpana, choo kinachofaa, na lifti. Au, ikiwa jumba haliwezi kubeba lifti, ofisi zinazohudumia umma zishushwe chini, katika chumba kikubwa ambacho Bwana Onyango amejaza viti vya plastiki vya kukodisha harusini.

Bwana Onyango alikuwa na mipango mingine kuhusu chumba hicho. Baada ya wiki mbili alirudi na mchoro mpya. Penye mguu wa ngazi msanifu wake alikuwa amechora watu wawili wadogo wenye vifua vipana, na kando yao aliandika neno moja: Wabebaji.

Msomaji asiye mwenyeji asicheke kabla hajaelewa. Fukwe zetu nyingi hazina gati. Boti husimama mbali kidogo, nao vijana wenye mabega hujitosa majini, wakambeba abiria hadi nchi kavu bila kulowa. Wamebebwa wafanyabiashara wa kisiwa cha Takawiri, wamebebwa maaskofu na mabibi harusi, na hakuna anayeona aibu. Bwana Onyango alisimama ofisini mwetu, akatetea hoja yake vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Jaduong' Maroa," alisema, kwa neno ambalo Waluo humpa mzee wa heshima, "huku kwetu mtu hakosi wa kumbeba. Hayo mambo ya mteremko ni ya watu wasio na jirani. Nitaajiri vijana wawili, wakae hapo chini siku nzima. Irine atapanda kama malkia."

Mkurugenzi wetu, Bwana Nyabuto, aliipenda sana hoja hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kubebwa huko Takawiri, na picha yake akiwa juu ya mabega ya mtu, ameinua mkono, imetundikwa nyuma ya kiti chake. Aliandika kwenye pembe ya mchoro, kwa wino wa kijani: "Inafaa. Ni suluhisho la kienyeji." Kisha akashuka kumpa Bi. Irine habari njema.

Bi. Irine alimsikiliza hadi mwisho. "Mkurugenzi," alisema, "wewe ulibebwa siku moja, ukapigwa picha. Mimi nitabebwa nikija, nitabebwa nikienda kula, nitabebwa nikitaka maji. Na hao vijana wakienda kula?"

"Watapokezana."

"Wako wawili, na kunibeba kunataka wawili. Watapokezana na nani?"

Mkurugenzi alisema kwamba hilo ni suala la utekelezaji, akapanda kurudi ofisini.

Wengi tulitegemea kwamba Bwana Maroa angeukataa mchoro huo kwa ukali. Hakuukataa. Kanuni inamruhusu Mkaguzi kulijaribu rekebisho lolote kabla ya kulikubali, na kwa kuwa wilbaro haipandi ngazi, ilibidi safari hii ajaribiwe mtu. Alipendekeza aanze yule aliyeandika kwamba inafaa. Sharti lilikuwa moja: tangu atakapoingia jumbani mpaka atakapotoka, Mkurugenzi asitumie ngazi ila kwa mabega ya wabebaji. Bwana Nyabuto alikubali akicheka, akaagiza mpiga picha.

Siku ya jaribio wabebaji wawili walikuja kutoka ufukoni. Mkubwa wao aliitwa Willis, naye alikuwa na mabega mapana kuliko yale ya kwenye mchoro.

"Panda, mkubwa," alisema akiinama. "Shika kichwa, usishike macho. Juzi mwalimu mmoja alinishika macho, tukaingia ziwani wote wawili na vitabu vyake."

Ghorofa ya kwanza walifika salama, mwenzake Willis akisukuma kwa nyuma. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Majini, Willis alinieleza baadaye, maji humsaidia mbebaji kiunoni; ngazi hazimsaidii mtu. Penye kona dari ni ya chini, na Mkurugenzi alilazimika kuinama mpaka kidevu chake kikatua juu ya utosi wa Willis. Waliokuwa kwenye foleni ya vibali walijibana ukutani wampishe, na kwa kuwa ni watu wa ziwa hawakuweza kunyamaza.

"Ruoth, bwana mkubwa, shikilia! Ziwa limechafuka!"

"Willis, polepole omera, ndugu yangu, hiyo ni trei ya mayai!"

"Mkurugenzi, kiatu kimeanguka majini!"

Kiatu kilikuwa kimeanguka kweli. Kilimfuata juu kwa kikapu.

Hata hivyo alifika. Aliketi kitini pake, akajipangusa jasho, ingawa jasho lenyewe lilikuwa la Willis, akamwandikia Bwana Maroa kwamba jaribio limefaulu. Bwana Maroa alimjibu kwa adabu kwamba jaribio halijakwisha, kwa sababu Mkurugenzi hajashuka bado. Kisha alibeba kiti chake, akakiweka juu kabisa ya ngazi, akaketi na kikombe cha chai.

Adhuhuri Mkurugenzi alitaka kushuka. Ni lazima nieleze, kwa maneno machache, kwamba vyoo vya ghorofa ya pili navyo vilikuwa vinapakwa rangi, na kwamba choo pekee kilichobaki kilikuwa uani, chini. Aliagiza wabebaji waitwe. Askari wa mlangoni alirudi na habari kwamba boti imewasili kutoka Takawiri ikiwa imejaa watu wa harusi, na vijana wote wa ufukoni wamo majini. Mkurugenzi alimpigia Willis simu.

"Mkubwa, siwezi ongea," sauti ilisikika hadi nje ya mlango. "Niko na shangazi ya bwana harusi hapa mgongoni, na hajanyamaza tangu tutoke kwa boti. Kaa hapo hapo. Usiende mahali."

Mkurugenzi alikaa hapo hapo. Alipotokeza kwenye ngazi, Bwana Maroa alimkaribisha chai, naye akaikataa kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Alirudi ndani. Alitokeza tena. Wenye foleni walimpa pole. Baadaye simu yake ililia, naye alikuwa Bi. Irine.

"Mkurugenzi, kuna mchoro unataka saini yako, na ni mkubwa, hauingii kikapuni. Shuka tu. Ni dakika moja."

Bi. Irine hakuwa anamtania. Mchoro ulikuwepo, nami niliuona kwenye meza yake. Lakini kwa miaka sita yeye ameambiwa "Panda tu, ni dakika moja" na kila mtu aliyesahau, na nadhani Mkurugenzi alikumbuka kuwa mmoja wao ni yeye. Alisimama juu ya ngazi kwa muda, akimtazama Bwana Maroa, na Bwana Maroa akikitazama kikombe chake. Halafu Mkurugenzi alizishuka ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe, kwa mwendo ambao sijapata kumwona nao, akapita mbele ya meza zetu bila salamu, akatokomea uani.

Alirudi taratibu. Bi. Irine alimtazama bila kucheka.

"Pole, Mkurugenzi," alisema. "Nafuu wewe ulikuwa na miguu."

Mkurugenzi alitia saini kwenye ule mchoro mkubwa, akasimama hapo ujiani kidogo, akiziangalia mita za stima kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona. Jioni Willis alifika akiwa amelowa, akamkosa abiria wake. "Nani amembeba?" aliuliza kwa wivu. Bwana Maroa alipomwomba maoni yake ya kikazi, kijana huyo aliyatoa waziwazi. "Jaduong', mtu wa boti namshusha, anaenda zake, tumemalizana. Huyu wa ofisi nitambeba mpaka lini? Na siku nikiugua, yeye pia ameugua?"

Ripoti za Bwana Maroa zinajulikana kwa urefu wake. Ile ya jaribio hilo ina sentensi mbili: "Jaribio halikukamilika. Mjaribiwa alikuwa na njia nyingine."

Kesho yake Mkurugenzi aliitoa ile picha ya Takawiri ukutani. Alilifuta pia neno "Inafaa". Asingekuwa Mkurugenzi, angeandika "Haifai". Lakini ni Mkurugenzi, kwa hiyo aliandika "Ipelekwe kwenye kamati". Kamati itakutana asubuhi ya tarehe 30 Juni, na mbele yake kuna jambo moja tu: ama chumba cha viti vya plastiki kitolewe kwa ajili ya ofisi zetu, na Bi. Irine aanze kazi kesho yake, ama wabebaji wakubaliwe, na kiti cha Bwana Maroa kipewe mtu anayeweza kukipandia. Bwana Onyango ameshawatembelea wajumbe wawili nyumbani. Mkurugenzi hajasema atapiga kura upande gani. Amesema tu kwamba sherehe ya kumuaga Bwana Maroa, iliyopangiwa ghorofa ya pili, itafanyika chini, barazani, kwa sababu ya hewa safi.

Wasifu wa mtu usiotaja makosa yake ni hotuba ya mazishi, na Bwana Maroa yu mzima. Basi niseme kwamba ni mkaidi, kwamba huchelewesha mikutano kwa kuuliza mlango wa ukumbi una upana gani, na kwamba ameibeba chaki mfukoni kwa miaka thelathini na minne, huku mkewe, Bi. Roseline, akizifua suruali hizo. Tunamshukuru Bi. Roseline kuliko anavyojua. Wawili hao wanarudi Kehancha, ambako wamejenga nyumba isiyo na ngazi hata moja. Majirani wameuliza ni nani mgonjwa. Bwana Maroa amewajibu kwamba kwa sasa hakuna, lakini uzee umekwisha kupiga hodi na hapendi ukwame mlangoni.

Wafanyakazi wamechanga, wakamnunulia wilbaro mpya. Debe atakuja nalo mwenyewe. Bwana Maroa, kwa yote uliyotufanyia, na kwa yote uliyotukatalia, ahsante. Tunakuombea njia tambarare, milango mipana, na debe linalofika bila kumwagika.

Limebaki jambo moja, nami ninaliandika kama nilivyoliona. Wiki hii nzima, tangu Jumatatu, kikapu kimekuwa kikishuka na vitu ambavyo si michoro. Kwanza kilishuka na mhuri wa Mkaguzi Mkuu. Kikafuata kibao cha mlangoni chenye cheo chake, kisha kanuni yenye kurasa mbili, birika, vikombe, na rafu ya vitabu iliyofunguliwa vipande vipande. Kiti Bwana Maroa alikileta mwenyewe begani. Bi. Irine alimshukuru, akamkumbusha kwamba kiti anacho; basi Bwana Maroa anakikalia yeye, kando ya meza yake, na wenye kuomba vibali wamekwisha kuzoea kuwaona wote wawili bila kupanda. Juu kimebaki chumba kitupu na msumari wa kibao. Hivyo kamati haitakuwa ikiamua kama ofisi ya Mkaguzi Mkuu ishuke. Itakuwa ikiamua kama ipandishwe tena, na ni nani atakayeibeba.

Wajumbe watakutana juu. Uamuzi wao ukitolewa, nitawaandikia siku hiyo hiyo. Meza yangu iko hapa chini, nami nimekaa karibu na kikapu.